Ubeti Asiouimba Mwenyewe

Kila siku alasiri, nikitoka darasani, nilimkuta Bi Mwantumu kwenye kirago chake barazani anapepeta ufuta. Nilivuta kigoda, nikaweka madaftari ya wasichana magotini, nikaanza kusahihisha. Hatukuwa na mazungumzo marefu. Mimi maneno hunikauka mdomoni, na yeye mikono yake ikishika ungo, mdomo hushika wimbo. Ufuta ulirushwa juu, makapi yakaondoka na upepo, punje zikarudi kwa sauti ya mvua nyepesi, na mara nyingi nilijikuta natia alama za vyema kwa mapigo yake.

Siku hiyo ya Julai, mwaka 1954, alikuwa katika ubeti wa pili na ufuta uko hewani, sauti ya mwanamume ilipomdakia wimbo kutoka ng'ambo ya njia.

Ungo ukakosea. Ufuta ukamwagika mchangani, na kuku wote wa Mbekenyera, naona, walipata habari kwa wakati mmoja. Bi Mwantumu hakuwafukuza. Alikaa na ungo mtupu mikononi, shingo ameigeuzia dukani kwa Bwana Adinani. Huko gitaa lilikuwa linalia, na ule ule wimbo aliokuwa akiuimba yeye ulikuwa unaendelea bila yeye:

Matrekta mawili, mnyororo mmoja,
msitu umelala, wala hauumwi kichwa.
Bwana kapanda karanga, kavuna barua:
rudi kwenu, Bwana, mvua imekataa.

"Ni Saturnini!" alisema, na uso wake ukafunguka kama wa msichana. "Sikiliza, Mwalimu! Wamemtia Saturnini kwenye sanduku!"

Tukasikiliza. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Bi Mwantumu aliinua kidole kuungoja wa nne. Badala yake kulikuja mkwaruzo, krr, krr, kisha kimya.

"Mbona kakatiza?"

"Santuri imekwisha, Mama. Upande mmoja hubeba dakika tatu tu."

"Wimbo haujaisha."

"Najua, Mama."

Alishusha kidole polepole. "Sasa jina langu ameliweka wapi?"

Nilikuwa nimepanga kwake mwaka mzima. Kwetu ni Marambo, na nilipomaliza chuo cha ualimu kwa masista nilipelekwa Mbekenyera kuanzisha darasa la wasichana. Nyumba ya mwalimu haikuwapo. Bi Mwantumu, mjane, akasema msichana hawezi kulala darasani kama chaki, akanipa chumba. Yeye ndiye aliyenifundisha mambo ya nyimbo za pale. Wimbo, alisema, una mwenyewe, kama mzinga wa nyuki ulivyo na mwenyewe. Ukiutaka, unakwenda kwake na kitu mkononi, unakaa chini, unauomba. Akikubali anakukabidhi mbele ya mashahidi wawili: yeye anaimba mstari, wewe unajibu, mpaka mwisho. Baada ya hapo uimbe utakapo, harusini au shambani. Sharti ni moja tu. Ubeti wa mwisho unamtaja mwenyewe, na wewe usiuache.

Na mwenyewe naye ana sharti lake: ubeti huo yeye hauimbi. Kujitaja ni kazi ya jogoo, walisema wanawake wa pale. Mtu hutajwa na wenzake. Ndiyo maana kila alasiri Bi Mwantumu alisimama kwenye ubeti wa sita, sauti ikiwa imening'inia juu bila kutua, kisha akarudi mwanzo.

Wimbo huu aliutunga mwaka 1949, alipokwenda Nachingwea kuuza unga kwa vibarua wa mradi wa karanga na kuona matrekta mawili yakivuta mnyororo mmoja kuangusha miti. Aliutunga kwa Kiswahili ili vibarua wa makabila yote wacheke. Saturnini alikuwa mmoja wao, kijana aliyerudi vitani na gitaa. Alimfuata hadi Mbekenyera na kuku mkononi, akauomba, akakabidhiwa kwa utaratibu. Mradi ulipokufa, alikwenda Nairobi na bendi yake. Hatukujua zaidi.

Nilivuka njia. Bwana Adinani alikuwa anaifuta ile gramafoni kwa ncha ya kanzu kama mtu anayemfuta mtoto pua.

"Umesikia, Mwalimu? Nimepata boksi zima. Jumatatu nitakuwa tajiri."

Niliomba kuiona santuri. Katikati palikuwa na kikaratasi chekundu cha duara, nikakisoma mara mbili. *Mnyororo. Saturnini na Bendi Yake. Mtunzi: Saturnini.*

"Hata sinema wanautaka," alisema Bwana Adinani. "Soma hii barua. Jumamosi anakuja Nachingwea mtu kutoka Nairobi, Bwana Mendonsa. Mchapishaji wa nyimbo."

"Nyimbo nazo huchapishwa?"

"Mimi nilidhani ni mtengeneza santuri, kumbe sivyo. Santuri ni mali ya aliyeitengeneza. Wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti, ni mali ya mtunzi, na mchapishaji ndiye anayemtunzia. Watu wa sinema hawaruhusiwi kuutumia mpaka yeye atoe kibali, naye hawezi kutoa kibali mpaka mtunzi atie sahihi. Basi Saturnini anakuja kutia dole. Wananiomba gramafoni, nami nitawapelekea kwa lori."

"Na akishatia dole?"

"Wimbo ni wake kisheria. Anayetaka kuutia kwenye santuri, au redioni, au sinemani, ataomba kwake."

"Hata Bi Mwantumu?"

Bwana Adinani aliacha kufuta. Alikuwa mmoja wa wale mashahidi wawili. Kwa muda alitazama kitambaa cha kanzu yake kilivyochafuka. "Nadhani hata yeye, Mwalimu."

Niliporudi, Bi Mwantumu alikuwa anakusanya ufuta punje kwa punje. "Kile kikaratasi kimesema nini?"

Nilimtazama mikono. "Kimeandikwa jina la bendi."

"Na langu?"

"Nafasi yenyewe ndogo, Mama."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeridhika, nami nikaingia chumbani nikajichukia. Asubuhi, kabla ya kengele, nilimkuta anachochea uji, nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni ili nisiweze kukaa. Alichochea mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hewala."

"Hewala ndiyo kusema nini, Mama?"

"Ndiyo kusema nimesikia."

Jirani yake Bi Fatu, shahidi wa pili, hakusema hewala. Alikuja kuomba moto, akasikia habari, akausahau moto. "Saturnini? Yule niliyemnyonyolea kuku mimi? Mikono yangu hii ilinuka manyoya siku mbili! Mwantumu, vaa khanga mpya, tunakwenda Nachingwea."

"Tukaseme nini, Fatu? Niende nikasimame mbele ya watu niseme mimi, mimi, mimi?"

"Utanyamaza. Nitasema mimi."

"Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema Bi Mwantumu, lakini alikwenda kuitafuta khanga.

*

Jumamosi tulipanda lori la Bwana Adinani juu ya magunia ya ufuta. Yeye alikaa mbele, gramafoni mapajani imefunikwa shuka. Bi Fatu alimpigia kelele kupitia dirisha la nyuma kwamba mtoto wake ana masikio makubwa. Vumbi lilitupaka wote rangi moja. Karibu na Nachingwea tuliyapita yale mashamba ya karanga. Vichaka vilikuwa vimesharudi, na mnyororo mmoja ulilala kando ya njia, kila pete kubwa kuliko kichwa cha mtu, umeota kutu. Abiria wawili nisiowajua walianza kuimba ubeti wa kwanza walipouona. Bi Mwantumu akashika ukingo wa lori, akatazama upande mwingine, akitabasamu.

Ukumbi ulikuwa ule wa vibarua, uliobaki tangu siku za mradi. Watu walijaa hadi madirishani. Mbele palikuwa na meza, na Bwana Mendonsa nyuma yake, Mgoa mwembamba aliyefunga tai licha ya joto, ana kinanda kidogo cha kuvuta upepo kwa mkono na makaratasi yenye mistari mitano mitano. Tayari alikuwa ameandika kitu juu ya mistari hiyo, vichwa vyeusi vidogo vyenye mikia.

Saturnini alikaa kando yake na suruali nyeupe. Bi Fatu alipoingia kwa sauti yake, kijana akamwona. Akamwona na aliyekuwa nyuma ya Bi Fatu. Akanyanyuka nusu, akakaa.

"Mabibi na mabwana," alisema Bwana Mendonsa, kwa Kiswahili cha bara kilichonyooka, "watu huniuliza kazi yangu ni nini. Mimi siimbi. Santuri sitengenezi. Mimi nalinda mlango. Mwenye sinema akiutaka wimbo, anabisha kwangu. Mwenye bendi ya Kampala akitaka kuutia kwenye santuri yake, anabisha kwangu. Namuuliza mtunzi: tufungue? Akisema ndiyo, naandika kibali, na fungu lake linamfikia. Akisema hapana, mlango haufunguki, hata aje gavana."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Mimi nilimtazama Bi Mwantumu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa makini sana. "Kumbe na wao huomba," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nilidhani Nairobi watu huchukua tu."

"Bwana Saturnini," aliita Bwana Mendonsa, akifungua kidau cha wino, "njoo utie dole."

Nilisimama. Sijui nani aliniinua. Nikasema kitu. Hata mimi sikukisikia.

"Mwalimu anasema!" alinguruma Bi Fatu. "Nyamazeni, Mwalimu anasema!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilizishika ncha za khanga yangu. "Naomba," nikasema, "naomba fomu isomwe kwa Kiswahili kabla hajatia dole."

Bwana Mendonsa alinitazama, kisha akaitazama fomu ya Kiingereza kama vile hakuwahi kufikiri kwamba ina lugha. "Unasoma Kiingereza, Mwalimu? Basi njoo usome."

Nikasogea mezani. Nikaichukua karatasi. Kusoma si kama kusema; nikisoma huwa najificha nyuma ya maneno ya mwingine. Nikafasiri taratibu: "Mimi niliyetajwa hapa chini naapa mbele ya mashahidi kwamba wimbo huu, maneno na sauti yake, niliutunga mimi mwenyewe, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyeutunga."

Dole la Saturnini lilikuwa limeshachovywa, limesimama juu ya karatasi, jeusi. Likabaki hapo. Kisha akalifuta kwenye suruali yake nyeupe.

"Bwana Mendonsa," alisema, "mimi niliambiwa hii ni karatasi ya ruhusa. Sinema iruhusiwe kuucheza. Kusoma sijui."

"Tia dole, kaka!" alipiga kelele Ignasi, mpiga ngoma wake, kutoka nyuma. "Bila sisi nani angeujua? Huko Nairobi nani anamjua mwanamke wa Mbekenyera?"

"Wewe uliyebeba ngoma tumboni miaka mitano na hujajifungua, kaa chini!" alijibu Bi Fatu. Ukumbi ukalipuka. Wa bendi wakapaza sauti, wa Mbekenyera na wa kijiji jirani cha Likunja wakapaza zaidi. Bwana Adinani alisimama akasema na yeye alikuwa shahidi, kuku alikuwa mwekundu. Bi Fatu akasema alikuwa mweupe. Hilo halikutusaidia.

Bwana Mendonsa aligonga meza. Alionekana mtu mwema aliyechoka. Akamgeukia Bi Mwantumu. "Mama, wanasema wimbo ni wako. Ni wako?"

Bi Mwantumu alijifunika vizuri. "Waulize wanaouimba, Bwana."

"Nakuuliza wewe."

"Waulize wanaouimba," alisema tena kwa adabu.

Bwana Mendonsa akashusha pumzi. Niliona alivyomwelewa: mwanamke ameulizwa mara mbili, na mara mbili hakusema ndiyo. "Basi," alisema, "sitaki kugombanisha majirani. Kuna njia. Pale penye jina la mtunzi nitaandika: wimbo wa kienyeji, mtunzi hajulikani. Sinema itaupata, bendi itaimba, Mama ataimba, kila mtu atafurahi."

Na kweli watu walifurahi. Nilisikia ukumbi ukishusha pumzi. Ignasi alipiga makofi. Hata Bi Fatu alinitazama kwa wasiwasi, akiuliza kwa macho kama hapo tumeshinda. Bi Mwantumu alifungua mdomo, na nilijua litakalotoka ni hewala.

"Wimbo wa kienyeji," niliuliza upesi, "huombwa kwa nani?"

"Hauombwi kwa mtu, Mwalimu. Ni kama maji ya mto. Hauna mlango."

Hewala ya Bi Mwantumu haikutoka. Akaufunga mdomo.

Nilizitazama zile karatasi zenye mistari mitano. "Bwana Mendonsa, umeandika beti ngapi?"

"Tatu. Kama santuri."

"Ziko saba."

Akainua uso. Ule uchovu ulimtoka. Macho yake yalikuwa sasa ya mtu wa muziki. "Saba?"

"Santuri hujaa, Bwana. Karatasi haijai. Mchapishaji hachapishi wimbo mzima?"

"Ndiyo kazi yake," alisema, na tayari alikuwa anavuta karatasi mpya. "Bwana Saturnini, imba."

Saturnini alichukua gitaa. Nilidhani atakataa. Lakini alianza, na mikono ilipoanza, sauti ikafuata: beti tatu ambazo kila mtu alizijua, kisha wa nne, ambapo Bwana anaipimia mvua kwa rula. Watu wakacheka kana kwamba ni jana. Wa tano, wa sita. Kalamu ya Bwana Mendonsa ilikimbia. Mwisho wa ubeti wa sita sauti ilipanda, ikaning'inia pale pale ninapopajua mimi, na Saturnini akanyamaza.

Bwana Mendonsa alibonyeza kinanda, akatoa sauti ile ile, akaisikiliza. "Haijatua," alisema. "Umeniacha juu ya mti. Wapi mwisho?"

Bi Fatu alivuta pumzi ili aimbe yeye. Bi Mwantumu alimshika mkono kwa nguvu.

"Mwache," alisema. Kisha, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto ale, "Saturnini, mwanangu. Nilikukabidhi mbele ya watu. Malizia."

Kijana alimtazama. Alifumba macho, akapiga nyuzi mara moja, akaimba:

Ukiuliza nani aliyeyaona haya,
si askari wa Bwana, si karani wa kambi;
ni mama wa Mbekenyera aliyeuza unga,
Mwantumu binti Kaimu ametutungia.

Na sauti ikatua. Ikatua hadi chini, taratibu, kama lori linapozimwa baada ya safari ndefu. Kabla gitaa halijanyamaza, wanawake walikuwa wameshapokea. Wa Mbekenyera walianza, wa Nachingwea wakafuata, na wale vibarua wa zamani waliobaki, Wamakonde na Wayao na Wamakua, waliokuwa wameujua ubeti huo miaka mitano na kudhani kila mtu anaujua, wakauimba kwa miguu na viganja. *Mwantumu binti Kaimu!* Vigelegele vilitikisa mabati. Bwana Adinani alikuwa anacheza na gramafoni yake kifuani. Niligundua kwamba nalia, na kwamba sikuona haya.

Saturnini aliweka gitaa chini, akaja akapiga goti mbele ya Bi Mwantumu. "Mama, Nairobi niliimba mpaka mwisho. Naapa kwa Bikira Maria. Yule fundi akaninyooshea mkono, taa ikazimika, akasema tosha. Nikaendelea kuimba peke yangu. Baadaye nilipoisikia santuri, nilijua umekatwa. Nikaona haya kuja."

"Ungekuja na kuku mwingine," alisema Bi Fatu.

"Inuka, suruali yenyewe imeshaharibika," alisema Bi Mwantumu, akamgusa kichwani.

Bwana Mendonsa alikuwa ameshakata jina la Saturnini penye mtunzi na kuliandika penye mwimbaji. Alinisogezea fomu. "Endelea kusoma, Mwalimu. Safari hii tusimfiche mtu neno."

Nikasoma. Penye sharti la nne nilisimama. "Hapa panasema mtunzi anaukabidhi wimbo kwa kampuni kabisa na milele."

"Ndivyo zilivyo fomu zote."

"Bi Mwantumu hakabidhi hivyo," nilisema. Sauti yangu ilitoka, nikashangaa, ikaendelea. "Kwake, anayepewa wimbo anapewa kuuimba. Wimbo wenyewe haondoki nao. Saturnini alipewa hivyo. Wewe umesema unalinda mlango, Bwana Mendonsa. Mlinzi hapewi nyumba."

Kulikuwa na mtu aliyepiga mluzi nyuma. Bwana Mendonsa aliivuta tai yake ikalegea. Alinitazama, halafu akacheka, cheko la kweli, akachovya kalamu. "Soma nikiandika. Kampuni inatunza kwa niaba ya mtunzi. Kibali cha sasa ni cha sinema hii tu. Mwingine akitaka, atauliza upya. Imetosha?"

Nilimfasiria Bi Mwantumu. Akafikiri. "Jina mwishoni hukatwa," alisema. "Sinema nayo ina mwisho wake. Waliweke mwanzo."

"Jina la mtunzi mwanzoni," alirudia Bwana Mendonsa, akiandika, "kabla ya picha. Na kwenye santuri zitakazotengenezwa upya, vilevile." Akanyunyiza unga wa kukaushia wino, akaupuliza. "Mwalimu, ukichoka na chaki, Nairobi kuna meza yako."

"Mbekenyera kuna darasa langu, Bwana," nilisema. Watu wakanicheka kwa upendo, nami nikatazama viatu vyangu tena.

"Limebaki moja." Akaigeuza fomu. "Dole peke yake halitoshi. Karatasi inasema naapa. Kiapo ni cha mdomo, mbele ya mashahidi. Nimewasikia wanaouimba, Mama, kama ulivyoniambia. Nimewaelewa. Lakini sheria yangu haiwasikii. Inamsikia mwenyewe tu."

Nilimwinamia Bi Mwantumu. "Mama, nimewaeleza desturi yenu. Hii sasa ni ya kwao. Kwao, asiposema mwenyewe, ni kama maji ya mto."

Alinipa mkoba wake nimshikie. Alisimama, mwanamke mfupi mwenye vumbi la njia hadi kwenye kope, na ukumbi uliokuwa unaimba ukanyamaza wenyewe, safu baada ya safu, mpaka madirishani. Alitazama kwanza chini. Kisha Bi Mwantumu aliinua uso, akamtazama Bwana Mendonsa, akawatazama wa bendi, akatutazama sisi wote, na akasema kwa sauti iliyofika nje:

"Wimbo huu ni wangu. Niliutunga mimi. Anayeutaka aje aniombe."